Maji ya Chumvi ya Marehemu Kibii

Sehemu ya kumi na moja

Wiki jana mliniacha pale Bahati, mkwe wangu Njuguna ameshatoa sanduku langu la vifaa nje na kufunga geti. Wengi mlinitumia pole kupitia gazeti. Asanteni. Lakini pole hizo zichukueni tena, kuna mtu mwingine atazihitaji mkimaliza kusoma hii ya leo.

Kwa wale hamkuanza na mimi: ninaitwa Ngigi, miaka sitini na tisa. Darasa la nne nilimaliza Bahati, la tano nikaanza Molo nikaliacha njiani, na yaliyobaki nilifunzwa na Wahindi, wamishonari na makosa yangu. Nimetengeneza redio kutoka Gilgil mpaka Lodwar, na sijawahi kukaa mahali miaka mitatu.

Kutoka Bahati nilishuka mtaa wa Bondeni, Nakuru. Mwenye duka la mitumba akaniachia nafasi ya meza pale mbele. Mchana nilitengeneza redio juu ya hiyo meza. Usiku nililala chini yake.

Hapo ndipo mwanamke mmoja, Linah, alinipata, Jumatatu asubuhi.

"Mzee, habari. Wewe ndio fundi wa sauti?"

"Ndio mimi."

"Si redio, Mzee. Namaanisha sauti. Mashine kubwa ya nyumba."

"Madam, mimi nimefunga sauti kwa makanisa kumi na nne."

Hiyo ni kweli. Sikumwambia ni mangapi yalinifukuza.

Akanieleza. Baba yake, Mzee Kibii, alikuwa fundi wa simu zile za waya, akastaafu, akatengeneza mashine ya muziki kwa mikono yake mwenyewe. Amefariki mwaka jana. Sasa mashine inavuma, na mama yake anataka itolewe kwa nyumba.

"Mimi nataka isikike vile alikuwa anaisikia," Linah akasema. "Baba hakuwa mtu wa maneno. Hiyo ndio kitu alituachia."

Tukaenda Kiamunyi.

Mama Jepchumba alinipokea vizuri, lakini hakuingia sebuleni.

"Chamgei, Mama," nikamsalimia.

"Chamgei mising. Ingia, fundi. Mashine ndio hiyo. Mimi nitasimama hapa mlangoni."

"Mbona?"

"Inauma."

Nilicheka. Linah akaiwasha. Kabla hata ya santuri kuzunguka, spika zote mbili zikaanza: mmmmmmm. Kama posho mill ya mtaa wa pili. Nikagusa mgongo wa amplifaya kwa nyuma ya kidole. Ikaniwasha, kama siafu wamepita.

Nikaacha kucheka.

"Umesikia?" Mama akauliza.

"Nimesikia."

"Umeona, Linah? Siyo mimi naota."

Nikafuata waya. Mashine ndogo ya kuchagua muziki ilikuwa kwa rafu, na amplifaya mbili kubwa zilikuwa mbali, kila moja kando ya spika yake. Katikati, waya za mita saba zimepita chini ya ukuta. Waya zile mnazijua, nyekundu na nyeupe, kama za televisheni.

"Shida ni hizi waya," nikasema. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza. "Nitawawekea balanced. Kama za kanisa."

Mama akasogea hatua moja ndani. "Kama za kanisa?"

"Maiki ya kanisa huvuta waya mita hamsini. Umewahi kuisikia ikivuma?"

"Haivumi."

"Basi."

Hapa nivumilie kidogo, msomaji, nikueleze, ndiyo ujue ukubwa wa uongo wangu.

Waya ya nyumbani, ile mafundi huita single-ended, ina uzi mmoja ndani wa kubeba muziki. Nyavu ya nje inafanya kazi mbili: inakinga uchafu wa stima, yaani mvumo wa umeme, na tena inarudisha muziki ulikotoka. Askari wa geti ndiye huyo huyo mpishi. Uchafu ukizidi, unaingia kwa chakula.

Balanced ina nyuzi mbili ndani, na kinga ya nje ni kinga tu. Nyuzi zote mbili zinabeba wimbo ule ule, lakini mmoja umegeuzwa juu chini. Uchafu ukiingia, unaingia kote sawasawa. Kule mwisho mashine inaugeuza tena ule uliogeuzwa, uchafu unauana wenyewe kwa wenyewe, wimbo unabaki.

Lakini hiyo inawezekana tu kama mashine zote mbili, inayotuma na inayopokea, ziliundwa kwa hiyo kazi. Plagi peke yake haifanyi kitu.

Za Kibii hazikuundwa hivyo. Nilijua nilipofungua kifuniko cha kwanza. Ndani kulikuwa safi, kila waya imelazwa kwa mstari, solder yake, ile risasi ya kuungia, inang'aa kama mtu alifanya jana. Nilipaswa kufunga kile kifuniko niseme, "Mama, nisamehe, nilisema haraka."

Nilichukua drili.

Nikatoboa mashine ya marehemu mgongoni, mashimo manne. Nikaweka soketi za pini tatu, zile za maiki. Kwa ndani, pini ya tatu nikaifunga kwa ile ya kwanza. Nje ilikuwa balanced ya kanisa. Ndani ilikuwa waya ile ile ya jana.

Na kuna kitu kimoja fundi yeyote angeuliza mashine ikimuwasha kidole: earth, ile waya ya kushusha stima ardhini, iko wapi? Sikuuliza. Nimeishi nyumba za kupanga maisha yangu yote. Kwangu pini ya tatu ya plagi ya ukutani ni urembo, waya yake huwa haijaenda popote. Huwezi kuuliza kitu ambacho hujawahi kukiona kikifanya kazi.

Linah akawasha. Mmmmmmm.

"Mbona bado, Mzee?"

"Waya mpya hukaa siku mbili zizoee."

Nilisema hivyo. Kwa huu mdomo wangu.

Jumatano nilirudi. Linah alikuwa kazini. Sebuleni nikapata wanawake sita na chupa mbili za chai. Walikuwa wa fellowship, na mkubwa wao ni Pasta Cate, mama mnene mwenye sauti ya upole, ambaye alinimwagia chai kabla hajaniuliza jina.

"Fundi, mashine haijazoea?" akauliza.

Wengine wakacheka.

"Inazoea pole pole," nikasema.

"Haitazoea. Hiyo si mambo ya waya. Njoo na chai yako nikuonyeshe."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Tukitembea, ananiongelesha. Ati kanisa lao halina mtu wa sauti tangu yule kijana wao aende Qatar. Ati kuna chumba nyuma ya kanisa, kidogo lakini kina dirisha na kitanda.

"Una mahali unakaa, Mzee?"

"Bondeni."

"Nyumba?"

"Mahali tu."

Hakuuliza tena. "Hicho chumba kiko wazi," akasema.

Tukafika kwa kona, chini ya ukuta. Mama Jepchumba na wale wengine walikuwa wamefuata. Hapo chini kulikuwa na shimo, na kando yake chuma kirefu kama mtu, rangi ya shaba, kina waya nene ya kijani imekatwa.

"Miaka kumi na tisa," Pasta Cate akasema. "Kila Jumamosi, marehemu anatoka na jagi ya maji. Ndani ameweka chumvi. Anakuja hapa, anamwaga. Mtu mwingine haruhusiwi. Mama Linah, si ulimuuliza?"

"Nilimuuliza," Mama akasema. "Akaniambia, 'Nainywesha.' Akacheka. Nikamuuliza tena mwaka mwingine, akasema hivyo hivyo."

"Mtu wa kanisa hakuwa," mmoja akatia.

"Hakuwa," Mama akakubali.

"Januari tukakuja kuombea boma," Pasta Cate akaendelea. "Tukachimba hapa, tukapata hiki chuma. Kimefungwa waya inaingia ndani ya nyumba! Tukakiombea, tukakikata, tukakitoa. Siku hiyo hiyo mashine ikaanza kulia. Na kuuma."

"Imekasirika," yule mmoja akasema.

Msomaji, niliinama nikaangalia ile waya ya kijani. Kila kitu nilichopaswa kuuliza Jumatatu kilikuwa ndani ya lile shimo.

Hicho chuma kilikuwa earth ya nyumba. Udongo wa Nakuru mnaujua, ni vumbi kama jivu, maji hayakai. Kiangazi kikija, chuma kinasimama ardhini kama hakijashika kitu. Ukimwaga maji ya chumvi, udongo unakubali stima kupita. Mashine ya Kibii ilikuwa single-ended, haikuwa na nyuzi mbili za kuua uchafu. Tegemeo lake lilikuwa hapo chini. Na yeye alijua, mtu wa simu, kwa hivyo kila Jumamosi alitoka na jagi.

Walipong'oa chuma, uchafu wa stima ukakosa pa kwenda. Nusu ukaingia kwa wimbo, nusu ukakaa kwa mwili wa mashine ukingoja kidole.

Hakukuwa na kitu kingine hapo.

"Sasa wewe ni mtu wa mashine," Pasta Cate akaniambia. "Sisi hatujui. Tuambie ukweli. Kuna mashine ya kunyweshwa maji ya chumvi?"

Mama Jepchumba alikuwa ananiangalia. Hakuwa anataka nimkubalie Pasta. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme ndiyo. Neno moja, na mume wake angerudi kuwa mtu.

Lakini nikisema ndiyo, swali la pili ningelijua. Na zile waya za kanisa, fundi, zilikuwa za nini? Na haya mashimo manne? Na nikaona kile chumba chenye dirisha kikifungwa.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi kuona."

"Yesu," mtu akasema nyuma yangu.

Mama akakaa chini, juu ya ndoo iliyopinduliwa. 

"Mimi ndio nilikuwa naosha hiyo jagi," akasema.

Pasta Cate akamshika bega. Mama akaondoa ule mkono, polepole, bila hasira.

"Rongai, kando ya kaburi lake, waliniachia nafasi. Mtanichimbia kwingine. Silali na huyo mtu. Na Jumapili nitasimama mbele ya kanisa niseme nimeishi na nini."

Nilimaliza chai yangu nimesimama. Pasta Cate akanipa ufunguo.

Alhamisi Linah akanipata Bondeni nikifunga vifaa vyangu.

"Mzee, uliambia Mama nini?"

"Niliulizwa, nikajibu."

"Ukajibu nini? Anasema hata picha ya Baba itoke kwa ukuta! Baba alikuwa mtu wa simu. Alikuwa anatoka hapa mpaka Marigat na baiskeli kutafuta waya imekatika wapi. Huyo ndio mganga?"

"Sikusema mganga."

"Ulisema hapana. Mama ameniambia. Uliulizwa ukasema hapana."

Nikaendelea kufunga vifaa. Akafungua mkoba, akatoa daftari la shule, jalada lake limechakaa.

"Hii nimepata kwa sanduku lake. Sijaonyesha mtu. Ni namba, kila Jumamosi, miaka yote. Na hii alama, imekaa kama kwato ya farasi, iko kila mahali. Pasta akiiona atasema ndio hiyo. Mimi mwenyewe nikiiangalia naogopa. Wewe unaielewa?"

Nikafungua. Hiyo kwato ya farasi ni alama ya ohm, ya kupima udongo unazuia stima kiasi gani, hata mimi wa darasa la nne naijua. Kila Jumamosi aliandika namba mbili: kabla ya maji, na baada ya maji. Kabla sitini. Baada kumi na tano. Kiangazi cha mwaka fulani, jagi mbili. Masika, hakumwaga kabisa, akaandika kwa Kiingereza kwamba mvua imemsaidia. Na ukurasa wa kwanza amechora nyumba, chuma, na waya ikiingia ndani hadi kwa rafu ya muziki.

Mtu alikuwa amejitetea miaka kumi na tisa, kila wiki, kwa mkono wake. Alikosa tu wa kumsomea.

"Ni Kingereza ya wataalamu," nikamwambia Linah. "Niachie nisome pole pole."

"Mpaka lini? Jumapili Mama anasimama!"

"Kabla ya Jumapili nitakuambia."

"Uniangalie, Mzee."

Nikamwangalia.

"Asante," akasema. Aliniamini. Huyo mtoto wa watu akaniamini.

Alasiri nikahamia kile chumba. Daftari nikaliweka chini ya godoro.

Ijumaa sikufanya kitu. Nilipanga waya za kanisa, nikazipangua, nikazipanga.

Jumamosi nikalitoa daftari nikatembea mpaka Kiamunyi. Nilikuwa nimepanga maneno yote, na ya mashimo pia. Geti lilikuwa na kufuli. Jirani akachungulia.

"Unatafuta Mama Linah? Wameenda shamba Rongai na watu wa kanisa. Wametoka mapema."

"Na Linah?"

"Yuko kazini."

Nikafurahi. Niliahidi kwamba hapa nitasema yote, kwa hivyo nasema: nilifurahi. Nikageuka, nikatembea haraka kuliko nilivyokuja. Simu ya Linah ikalia mara tatu mfukoni. Sikushika.

Jumapili kanisa likajaa. Nilikaa nyuma, kwa meza ya sauti, daftari ndani ya koti. Maiki zilikuwa safi. Waya mita arobaini, balanced ya ukweli kutoka mwanzo hadi mwisho, hata kuvuma hakuna. Watu wakapita wakinipongeza. "Mzee, leo tunasikia!"

Linah aliingia akaja moja kwa moja.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Na?"

"Baada ya ibada."

"Mzee. Inasema nini?"

Waimbaji wakaanza, na mimi nikajifanya nina kazi ya kusukuma vitufe. Akaenda akakaa benchi la katikati, amegeuka nusu, ananiangalia.

Pasta Cate akamwita Mama Jepchumba. Akapanda, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Akashika maiki kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe."

"Amen!"

"Mnanijua. Mimi ni Jepchumba, mke wa... nilikuwa mke wa Kibii. Hilo jina leo nataka kulitoa."

"Amen," watu wakasema, lakini wachache.

"Miaka kumi na tisa nimekaa nyumba moja na mtu, na kila Jumamosi huyo mtu alikuwa anatumikia..."

Nikashusha kitufe chake.

 Midomo ya Mama inaenda, sauti haiko. Akagonga maiki. Vichwa vyote vikageuka nyuma, kwangu.

"Fundi!" Pasta Cate akaita. "Sauti!"

Nikachukua maiki ya mezani. Ilinigonga meno, ikapiga kelele kwa spika zote.

"Hakutumikia kitu," nikasema. "Ilikuwa chuma ya stima."

"Ati nini?"

"Chuma ya stima. Nyumba inafaa kuwa nayo. Chumvi ni ya kufanya udongo ushike stima vizuri, udongo wetu ni mkavu. Aliandika yote. Daftari ni hili. Anapima kabla, anamwaga, anapima tena. Miaka kumi na tisa, Mama. Mashine inavuma kwa sababu chuma ilitolewa. Inauma kwa sababu hiyo hiyo. Na zile waya nilikuwekea ni za uongo. Nilitoboa tu."

"Ghai!" mwanamke mmoja akasema.

Linah alikuwa amesimama. Pasta Cate akakaa.

Mama akainua maiki, akasema kitu. Hakikusikika. Akasema tena. Watu mia tatu humo ndani, na mimi peke yangu ndiye ningeweza kumpa sauti. Nitawaambia na hii: nilifikiria kumwacha hivyo hivyo.

Nikapandisha kitufe.

"...lini?"

"Sijakupata, Mama."

"Nimeuliza ulijua lini."

"Jumatano. Pale kwa shimo."

Hakupiga kelele. Ile maiki ilikuwa safi, nilimsikia akimeza mate.

"Jumatano," akasema. "Na jana ilikuwa Jumamosi."

"Ndio, Mama."

Akaacha kuniangalia. Akatafuta kwa mabenchi mpaka akamwona binti yake.

"Linah. Njoo hapa mbele, mama. Ile jiwe ya jina la baba yako, kule Rongai, tuliivunja jana. Na si jiwe tu, na kaburi pia."

Linah akatoka kwa benchi. Hakwenda mbele. Alikuja nyuma, watu wakimpisha, mpaka mezani kwangu, akaninyooshea mkono.

"Nipe hiyo maiki," akasema. "Na ya Mama usiizime."